Kuandamana, kushtaki au kukusanya data? Njia za wanamazingira wa China, na ipi inafaa kikundi kidogo kama chetu

Tangu mwaka jana mfereji unaopita nyuma ya mtaa wetu umekuwa na tabia ya kubadilika rangi, siku nyingine zambarau siku nyingine buluu iliyoiva kabisa, na harufu kama ya dawa ya kutia nguo rangi, na kila mtu hapa anajua maji yanatoka wapi. Kiwanda sitakitaja. Kuna mama analima mchicha ukingoni na anamwagilia maji hayohayo, manake hana mengine. Kwenye grupu letu la WhatsApp tumebishana miezi sasa, kuna wanaotaka twende barabarani kesho asubuhi, kuna wanaosema tutafute wakili, na kuna dada mmoja anarudia kila siku kwamba tuandike kwanza, tupige picha, tuwe na tarehe. Mimi nikaahidi nitaandika ulinganisho, na mfano nilioujua vizuri ni wa China.

Najua wengine mtashangaa kwa nini China. Nilianza kufuatilia wakati wa ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, megawati 1,050, pesa nyingi zilikuwa zitoke benki ya Kichina ya ICBC. Nikajiuliza, hivi wenyewe kule kwao wakiletewa kitu kama hiki wanafanyaje? Nilidhani hawafanyi kitu, kwamba serikali ikisema imesema. Nilikosea sana. Wana vikundi, wana mawakili, wana watu wamefungwa jela kwa ajili ya ziwa, na katika miaka thelathini wamejaribu karibu kila njia tunayobishania sisi, kwa hiyo tunaweza kuona kila njia iliishia wapi.

Kwanza kidogo walivyoanza

Tarehe 5 Juni 1993 watu kadhaa walikutana kwenye bustani moja magharibi mwa Beijing, chini ya mnara wa kale wa Linglong, wakakaa kuongelea mazingira. Aliyewaongoza ni Liang Congjie, mwanahistoria, mtoto wa ukoo wenye jina kubwa kule. Machi 1994 wakapata usajili, wakaitwa Friends of Nature, kwa Kichina Ziran zhi You, Marafiki wa Maumbile. Huyu mzee alikuwa memba wa baraza la mashauriano la taifa na bado alikuwa anaenda vikaoni kwa baiskeli. Amefariki 2010, kikundi bado kipo.

Usajili wenyewe ulikuwa shughuli. Kwa kanuni za kule, kikundi hakisajiliwi mpaka kipate taasisi ya kiserikali ya kukisimamia, na watu wa vikundi wakaipa jina, popo, yani mama mkwe. Mama mkwe akikukataa huna usajili, na akikuchoka baadae usajili wako uko mashakani. Liang na wenzake walizunguka mpaka wakapokelewa na chuo cha utamaduni, ndo maana kwenye karatasi za mwanzo kikundi chao kinasomeka kama chuo cha utamaduni wa kijani. Wengine wakajiandikisha kama kampuni za biashara, wengine wakajibanza chini ya chuo kikuu, kama kile kituo cha Profesa Wang Canfa cha kuwasaidia kisheria waathirika wa uchafuzi, kilichoanza 1998, afu mwaka uliofuata wakaweka namba ya simu ambayo mkulima yeyote angeweza kupiga na kueleza shida yake. Kufikia mwisho wa 2020 mashirika ya kijamii yaliyosajiliwa China nzima yalikuwa karibu 900,000, ingawa humo ndani kuna kila kitu, shule binafsi na vyama vya wazee, wa mazingira ni sehemu ndogo.

Njia ya kwanza: kutembea

Nasema kutembea kwa sababu wenyewe walikataa kuita maandamano. Xiamen, mji wa bandari mkoa wa Fujian, 2007. Kulikuwa na mradi wa kiwanda cha PX, kemikali inayotumika kutengenezea poliesta na chupa za plastiki, thamani yake yuani bilioni 10.8, na kingejengwa wilaya ya Haicang karibu na nyumba za watu. Machi mwaka huo mwanakemia Profesa Zhao Yufen na wenzake zaidi ya 100 kwenye baraza la mashauriano wakasaini pendekezo kwamba kiwanda kihamishwe. Halikufika mbali. Ndipo ikaanza kuzunguka meseji, simu za kawaida zile za vitufe, ikisema kiwanda kikijengwa ni kama bomu la atomiki limeangushwa juu ya mji, na ikawaomba watu watoke tarehe 1 Juni wavae utepe wa njano mkononi. Wakatoka, maelfu, siku mbili mfululizo, wakasema wako kwenye matembezi tu, sanbu kwa lugha yao. Hakuna kiongozi, hakuna jukwaa, kwa hiyo hakuna wa kukamatwa kama mwenyekiti.

Na walishinda! Mradi ukasimamishwa, Desemba mji ukaitisha kikao cha wazi na wananchi wa kukaa mle wakachaguliwa kwa bahati nasibu, wengi sana wakapinga, mwisho kiwanda kikahamishwa. Miaka iliyofuata miji mingine ikafuata, Dalian Agosti 2011, Shifang na Qidong Julai 2012, Ningbo Oktoba 2012, na kila mara serikali ya mji ilirudi nyuma ndani ya siku chache. Hakuna kesi duniani inayoisha kwa siku chache, hilo lazima nilikubali mbele ya wenzangu wa barabarani.

Sasa sikilizeni kilichofuata, manake hapa ndipo roho yangu inauma. Kiwanda cha Xiamen hakikufa. Kilihamishiwa rasi ya Gulei, Zhangzhou, mkoa huohuo, sehemu ya wavuvi na wafugaji wa viumbe wa baharini, watu ambao hawakuwa na maprofesa wa kusaini chochote. Kikajengwa. Julai 2013 kikalipuka. Tarehe 6 Aprili 2015 kikalipuka tena, moto ukawaka siku kadhaa na maelfu ya watu wakahamishwa. Kwa hiyo watu wa mjini walitembea siku mbili wakaokoa watoto wao, na sumu ikaenda kwa mwenye sauti ndogo. Siwalaumu watu wa Xiamen, ningekuwa pale ningetembea. Lakini tukisema tunataka kuandamana ili kiwanda chetu "kiondoke", ni lazima tujiulize kinaondoka kwenda wapi, manake upande wa chini ya mfereji wetu pia kuna watu.

Kitu kingine, matembezi hayaachi kitu nyuma. Utepe ukivuliwa watu wanarudi kazini, hakuna ofisi, hakuna faili, hakuna anayefuatilia miaka mitano baadae. Na hatari ipo. Wale wa Shifang walikutana na mabomu ya machozi.

Njia ya pili: mahakama

Hii ndo wenzetu wengi kwenye grupu wanaipenda, wakikumbuka Lamu. Na China nako kuna mafanikio ya kweli, tena makubwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 2015 sheria mpya ya kulinda mazingira ikaanza, na kifungu cha 58 kikasema shirika linaweza kumshtaki mchafuzi kwa niaba ya umma, hata kama shirika lenyewe halijaumia. Masharti: liwe limesajiliwa ngazi ya mji mkubwa au juu yake, liwe limefanya kazi za mazingira miaka mitano mfululizo, na lisiwe na rekodi ya kuvunja sheria. Mahakama ya juu yenyewe ilikadiria ni mashirika kama 700 tu nchi nzima yanaweza kupita hapo, na yaliyothubutu kweli kushtaki ni machache mno.

Siku hiyohiyo sheria ilipoanza, Friends of Nature na kikundi cha Fujian kinachoitwa Green Home wakafungua kesi Nanping, kuhusu machimbo ya mawe yaliyokwangua mlima na kuharibu msitu. Oktoba mwaka huohuo wakashinda, washtakiwa wakaamriwa warudishe msitu na walipe hasara ya kile ambacho msitu ungekuwa unafanya muda wote ule haupo. Hebu fikirieni, mahakama inapiga hesabu ya kazi ya mti.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya tausi wa kijani. Ndege hawa China nzima inasemekana hawafiki 500, na wanakaa Yunnan kwenye mabonde ya sehemu za juu za Mto Mwekundu, mle wanashuka kwenye fungu za mchanga kando ya maji, dume anafungua mkia pale mchangani, jike anaangalia. Bwawa la umeme lilikuwa linajengwa ambalo lingejaza maji mpaka juu ya hizo fungu zote. Mwaka 2017 wapiga picha wa wanyamapori wakapiga kelele, vikundi vikaandika barua wizarani, na Friends of Nature wakaenda mahakamani kabla madhara hayajatokea, hii ndo ilikuwa mpya, manake kawaida unashtaki msitu ukishakatwa na ndege ameshakufa. Machi 2020 mahakama ya Kunming ikaamuru ujenzi usimame. Friends of Nature hawakuridhika, walitaka usimamishwe moja kwa moja milele, wakakata rufaa, na tarehe 31 Desemba 2020 mahakama kuu ya Yunnan ikabakiza hukumu ilivyokuwa. Miaka mitatu na nusu. Lakini maji hayakujazwa.

Haya, sasa upande wa pili wa shilingi. Changzhou, mkoa wa Jiangsu. Shule ilihamia karibu na kiwanja ambacho zamani kilikuwa cha viwanda vya kemikali, na watoto wakaanza kuumwa. Friends of Nature na shirika lingine la uhifadhi wa bayoanuwai wakashtaki kampuni tatu. Januari 2017 mahakama ya kwanza sio tu iliwakatalia, iliwaamuru walipe ada ya mahakama yuani milioni 1.89! Vikundi vinavyoishi kwa michango. Nakumbuka niliposoma hiyo habari nilifunga simu nikatoka nje. Wakakata rufaa, na Desemba 2018 mahakama ya juu ya mkoa ikageuza, kampuni zikaambiwa ziombe radhi hadharani na zilipe gharama za mawakili, na ile ada kubwa ikaondolewa. Ni karibu miaka miwili ya kutojua kama kikundi chako kitafungwa kwa deni.

Na kuna kesi ya jangwa la Tengger, viwanda vilimwaga maji machafu kwenye mashimo ya uvukizaji mle jangwani. Mahakama za chini Ningxia zilikataa kabisa kuipokea kesi kwa hoja kwamba katiba ya shirika haikutaja kulinda mazingira. Ikabidi mahakama ya juu kabisa ya taifa iingilie Januari 2016. Mwaka 2017 kampuni nane zikakubali kutumia yuani milioni 569 kusafisha na kurekebisha. Ushindi mkubwa kweli, lakini lazima uwe na mtu wa kuipeleka kesi ngazi tatu bila kuchoka.

Kwetu Kenya hapa tuko afadhali, na watu wengi hawajui. Katiba ya 2010 kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuhusu mazingira, na huhitaji kuonyesha kwamba wewe au mwingine ameshaumia. Hakuna miaka mitano ya kusubiri, hakuna mama mkwe. Lamu ndivyo walivyofanya, walienda kwenye baraza la rufaa la mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata ICBC ikajitoa, na Septemba 2021 China ikatangaza kwamba haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi. Lakini Lamu walikuwa na mawakili waliojitoa, na walipambana miaka. Sisi mpaka leo hatuna wakili, tuna binamu wa mtu aliyesoma sheria.

Njia ya tatu: rekodi

Hii ilinichukua muda kuielewa, manake haina kelele. Ma Jun alikuwa mwandishi wa habari, alizunguka mito ya China akaandika kitabu kuhusu shida ya maji, afu 2006 akaanzisha taasisi ndogo Beijing, wengi wanaijua kwa herufi zake IPE. Wazo lake lilikuwa jepesi ajabu. Hakwenda kupima maji mwenyewe. Alichukua rekodi za serikali yenyewe, faini, matangazo ya ofisi za mazingira za wilaya, orodha za viwanda vilivyokaguliwa vikakutwa na makosa, vitu vilivyokuwa vimetapakaa kwenye mamia ya tovuti na magazeti ya mikoani, akaviweka kwenye ramani moja. Unabonyeza mji wako unaona kiwanda gani, mwaka gani, kosa gani. Nani atakuita mzushi wakati karatasi ina muhuri wa serikali?

Uzuri ni kwamba ilikwenda sambamba na kanuni. Kuanzia Mei 2008 ofisi za mazingira zikalazimika kutoa taarifa kwa umma. Januari 2013, baada ya watu kuchoshwa na ule moshi wa Beijing, na baada ya vikundi kama Green Beagle kuwaazima wakazi vipima hewa vidogo vya mkononi wapime wenyewe mitaani kwao, serikali ikaanza kutangaza vipimo vya vumbi laini la PM2.5 kwa miji 74. Januari 2014 viwanda kama 15,000 vikatakiwa kutangaza vipimo vyao papo kwa papo. Ma Jun akaviingiza vyote kwenye apu, Weilan Ditu, Ramani ya Buluu. Unaishika simu, unaona vitone kwenye ramani, kiwanda kinachovuka kiwango kinageuka chekundu, na unaweza kuituma ile taarifa moja kwa moja mtandaoni ukiitaja ofisi husika. Kwa mito iliyooza mijini, mwaka 2016 wizara ikafungua ukurasa kwenye WeChat, ile apu ya meseji ya Wachina, mwananchi anapiga picha ya mto mweusi unaonuka, anatuma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 7 za kazi. Kila nikiufikiria mfereji wetu natamani hicho kitu.

Lakini kilichonishawishi zaidi ni habari ya Apple. Mwaka 2010 IPE na vikundi vingine vikaandikia kampuni 29 za elektroniki, vikiuliza kuhusu viwanda vinavyowauzia vipuri na uchafuzi wa metali nzito. Apple ikawa miongoni mwa waliojibu vibaya kuliko wote, ikasema sera yake ni kutowataja wanaoiuzia. 2011 vikundi vikatoa ripoti mbili, vikaenda mpaka kwenye vijiji vilivyo karibu na viwanda, vikaweka majina na ushahidi. Mwisho wa mwaka Apple ikakaa nao mezani, na baadae ikakubali viwanda vyake vikaguliwe huku vikundi vikiangalia. Hakuna aliyeandamana wala hakimu aliyehusika. Walimtafuta mteja wa kiwanda. Hii ni akili, manake kiwanda kinaweza kumdharau jirani lakini mteja hakimdharau. Ma Jun alipata tuzo ya mazingira ya Goldman 2012, tuzo ileile aliyoipata Phyllis Omido wa Mombasa 2015.

Udhaifu wake? Rekodi zinategemea serikali izitoe, ikifunga bomba nawe umekauka. Na ni kazi ya kuchosha, ya kukaa, watu wa moto wanakimbia baada ya wiki mbili.

Na kuna mtu mmoja ambaye lazima nimtaje hapa ili msidhani kukusanya ushahidi ni salama siku zote. Wu Lihong, mkazi wa kando ya ziwa Tai, Jiangsu, kwa miaka zaidi ya kumi alichukua sampuli za maji kwenye chupa, akapiga picha mabomba ya viwanda usiku, akaandikia wakaguzi. Mwaka 2005 alitajwa kitaifa miongoni mwa watetezi kumi wa mazingira. Aprili 2007 akakamatwa kwa madai ya utapeli. Mwezi uliofuata ziwa likageuka kijani zito kwa mwani, maji ya bomba mji wa Wuxi yakanuka, watu zaidi ya milioni mbili wakakosa maji ya kunywa, yani kila alichokisema kilitokea mbele ya macho ya dunia, na bado Agosti akahukumiwa miaka mitatu. Tofauti yake na Ma Jun? Nimeiwaza sana. Wu alikuwa peke yake, na chupa zilikuwa zake. Ma Jun alikuwa na taasisi, na karatasi zilikuwa za serikali.

Kuna na ya nne, fupi

Yu Xiaogang wa Kunming, kikundi chake kinaitwa Green Watershed. Mwaka 2003 kulikuwa na mpango wa mabwawa 13 kwenye mto Nu. Badala ya kuwahutubia wanakijiji, aliwapakia kwenye basi akawapeleka kwenye bwawa la Manwan, mto mwingine, wakakae na watu waliohamishwa huko miaka ya nyuma. Wakawakuta wengine wanaokota takataka ili waishi. Waliporudi hawakuhitaji kuelezwa na mtu. Mpango wenyewe waziri mkuu Wen Jiabao aliusimamisha mwaka 2004. Bei yake ni nauli ya basi na chakula cha njiani.

Kuhusu wale wa kulinda wanyama huko juu Sanjiangyuan, wafugaji wa Kitibeti wanaofunga kamera za kumnasa chui wa theluji kwa kushirikiana na kituo cha Shan Shui cha Profesa Lü Zhi, nawapenda sana lakini shida yetu ni mfereji, tuwaache. Na ukiwa na hamu ya kuonana na Wachina wa namna hii hapahapa, kuna China House, iliyoanzishwa Nairobi 2014 na Huang Hongxiang, wameshughulika sana na suala la pembe za ndovu.

Basi ipi kwa nani

Pesa. Kutembea ni karibu bure. Rekodi ni daftari, bando la intaneti na muda wa watu. Mahakama ni ghali hata ukipata wakili wa bure, manake kuna vipimo vya maabara, nakala, nauli za mashahidi, na ile hatari ya gharama ukishindwa, muulizeni aliyesoma kesi ya Changzhou.

Muda nimeshausema, kutembea ni siku chache, mahakama ni miaka, na rekodi iko katikati, ila rekodi inaanza kukufaa tangu mwezi wa kwanza, hata kama haijamaliza kitu.

Kudumu ndipo wanapotengana kabisa. Ushindi wa barabarani unahamisha tatizo. Ushindi wa mahakama unabaki kwenye vitabu, wengine wataunukuu. Rekodi inabaki mkononi mwako na inaweza kugeuzwa kuwa kesi, kuwa ripoti, kuwa barua kwa mteja wa kiwanda. Hili watu wanalisahau, kesi zile zote nilizozitaja zilianza na mtu aliyeandika tarehe.

Kama kuna kitu kinakuja wiki ijayo, greda liko getini, tokeni, msisubiri daftari lijae. Kama mradi bado uko kwenye karatasi na kibali hakijatoka au kimetoka vibaya, nendeni mahakamani au kwenye baraza la rufaa mapema, kama tausi na kama Lamu, manake hapo sheria ina nguvu kuliko baada ya zege kukauka. Kama tatizo lipo tayari na linajirudia, tena la kujificha usiku, kama letu, mimi naona rekodi kwanza. Sisemi kesi hapana. Nasema kesi bila rekodi tutaaibika, na maandamano bila rekodi mkurugenzi atasema rangi ile ni matope.

Kwetu sheria ya kupata taarifa ipo tangu 2016, na ndugu zetu Tanzania nao wana yao ya mwaka huohuo. Kwa hiyo barua ya kwanza tunayoandika ni ya kuomba ripoti za ukaguzi na leseni ya kumwaga maji ya kile kiwanda. Huo ni mtindo wa Ma Jun, tuanze na karatasi yao. Barua ya pili ikikubaliwa na wengi, itakwenda kwa wanaonunua zile nguo. Majina ya maduka tumeshayaona kwenye maboksi yaliyotupwa.

Upande wa mfereji tumegawana zamu, Jumanne na Ijumaa kuanzia saa nne usiku, watu wawiliwawili kila zamu na majina mawili chini ya kila mstari, baada ya kusoma ya Wu Lihong sitaki mtu yeyote asimame pale peke yake na chupa. Daftari tumenunua, kubwa lenye jalada gumu, kurasa zimepigwa namba kwa mkono. Yule mama wa mchicha ameomba zamu ya Ijumaa, anasema yeye huwa macho.